Ufuatiliaji wa Sheria za Afya ya Uzazi na Mchango Wake katika Utafiti wa Afya ya Umma

Utangulizi

Waswahili husema kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkumbusha mtu kwamba sheria haimbagui yeyote. Hata hivyo, ipo maana nyingine tunayoweza kuichota humo. Msumeno una meno, na anayetaka kujua ulikata wapi, ulikata nini na ulianza kukata lini, hana budi kuyakagua meno yenyewe, moja baada ya jingine.

Hebu tuanze kwa swali linaloonekana kuwa jepesi. Je, sheria ya Kenya inaruhusu mimba kutolewa? Anayesoma Kanuni ya Adhabu peke yake atajibu kwamba hairuhusu. Kifungu cha 158 kinaweka adhabu ya kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, cha 159 kinaweka miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe, na cha 160 kinaweka miaka 3 kwa anayetoa dawa au vifaa vya kufanyia tendo hilo. Anayesoma Katiba ya mwaka 2010 atatoa jibu tofauti. Ibara ya 26(4) inakataza utoaji mimba, lakini papo hapo inaweka hali ambamo hauzuiliwi: endapo kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au endapo sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Msomaji wa kwanza ataandika kwamba jambo hili limekatazwa. Wa pili ataandika kwamba linaruhusiwa kwa masharti. Wote wawili wamesoma sheria za nchi moja, na huenda wamezisoma siku moja.

Tofauti hii si mjadala wa darasani tu. Muuguzi aliye zamu ya usiku zahanatini, anapopokea mama anayevuja damu, huamua kwa kutegemea jibu alilofunzwa. Mtafiti anayetaka kujua kwa nini akina mama wanakufa hutegemea jibu hilo hilo anapopanga takwimu zake. Makala haya yananuia kueleza kazi inayofanywa ili jibu la aina hii liwe sahihi, lenye tarehe na linaloweza kuhakikiwa. Kazi hiyo ni ufuatiliaji wa sheria. Tutaeleza dhana yenyewe, namna inavyotekelezwa, mifano ya hapa kwetu, na hatimaye nafasi ya mwanafunzi wa Kiswahili katika uwanja huu ambao kwa mtazamo wa haraka haumhusu.

Dhana ya ufuatiliaji wa sheria

Afya ya uzazi ni dhana iliyopata umaarufu baada ya Kongamano la Kimataifa la Idadi ya Watu na Maendeleo lililofanyika Cairo mwaka 1994. Inajumuisha ujauzito na kujifungua, upangaji uzazi, magonjwa ya zinaa, utasa, na vitendo vinavyodhuru viungo vya uzazi kama vile ukeketaji. Nchini Kenya, Ibara ya 43(1)(a) ya Katiba inaitaja huduma ya afya ya uzazi waziwazi kuwa sehemu ya haki ya kila mtu kupata kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa.

Neno sheria nalo, katika muktadha huu, lina maana pana. Linahusu katiba, sheria za Bunge, sheria za mabunge ya kaunti, kanuni za mawaziri, miongozo ya wizara, nyaraka za wakurugenzi, maamuzi ya mahakama na mikataba ya kimataifa. Wakati mwingine hata tamko la kiongozi hubadilisha mwenendo wa hospitali na shule kabla ya karatasi yoyote kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Ufuatiliaji wa sheria, basi, ni ukusanyaji wa maandishi hayo yote kwa utaratibu maalumu, na kuyageuza kuwa data zinazoweza kuhesabiwa na kulinganishwa kati ya mahali na mahali na kati ya wakati na wakati. Kazi hii inatofautiana na ile ya wakili. Wakili hutafuta sheria inayomfaa mteja wake katika kesi iliyopo leo. Mfuatiliaji hutaka kujua sheria ilisema nini kila siku ya kipindi kizima anachokichunguza, na mahali pote anapopachunguza.

Taaluma hii imeendelezwa sana nchini Marekani, hususan katika Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, ambako profesa wa sheria Scott Burris na wenzake wameipa misingi ya kinadharia. Wao huiweka chini ya uwanja mpana unaoitwa epidemiolojia ya sheria, yaani uchunguzi wa sheria kama chanzo cha maradhi au kinga, sawa na vile wanasayansi wanavyochunguza maji, mbu au moshi. Shirika la Afya Duniani nalo lilizindua mwaka 2017 hifadhidata ya sheria na sera za utoaji mimba za nchi mbalimbali, ambayo huambatanisha maandishi asilia ya sheria zenyewe.

Namna kazi inavyofanyika

Hatua ya kwanza ni kuweka mipaka. Mfuatiliaji huamua anachunguza jambo gani, katika maeneo gani na kati ya tarehe zipi. Hatua ya pili ni kutunga maswali. Maswali haya huwa mafupi, na kila moja huuliza jambo moja tu lenye jibu la ndiyo au la, au lenye orodha ya majibu iliyowekwa mapema. Badala ya kuuliza, "Je, sheria ni kali?" ambalo ni swali la maoni, huuliza: Je, sheria inamtaja nani kuwa na mamlaka ya kutoa huduma? Je, idhini ya mzazi inahitajika? Je, adhabu ya chini imetajwa?

Hatua ya tatu ni kukusanya maandishi yote yanayohusika, yakiwemo yale yaliyofutwa. Hatua ya nne ni watu wawili kuyasoma na kuyajibu maswali hayo kila mmoja kivyake, bila kushauriana. Baadaye majibu yao hulinganishwa. Pale wanapotofautiana, chanzo cha tofauti hutafutwa: aidha mmoja alisoma kwa pupa, au swali lilikuwa na utata, au sheria yenyewe ina utata. Hali hii ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa zaidi kwa mtafiti, kwa sababu ikiwa wasomaji wawili waliofunzwa wameshindwa kuafikiana ofisini, askari, muuguzi na mama wataafikiana vipi?

Hatua ya mwisho ni kuchapisha majibu pamoja na maneno ya sheria yaliyotumiwa, tarehe zake, na mwongozo wa maswali. Kwa njia hii mtafiti mwingine anaweza kuirudia kazi yote na kuona kama atafikia majibu yale yale. Hapo ndipo usomaji wa sheria unapopata sifa ya sayansi.

Jambo linalosumbua kuliko yote ni tarehe, kwa kuwa sheria moja huwa na tarehe kadhaa. Sheria ya Afya ya Kenya ilitiwa saini Juni 2017 na kuanza kutumika mwezi uliofuata. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilianza kutumika Machi 2002. Mtafiti akichukua mwaka ulioandikwa kwenye jalada badala ya siku ya kuanza kutumika, atahesabu miezi ambayo sheria ilikuwa bado haijazaliwa.

Mfano wa Kenya: miaka kumi na miwili ya jibu linalobadilika

Turejelee swali letu la mwanzo, tulifuatilie jinsi mfuatiliaji angelifanya. Hadi Agosti 2010 jibu lilitokana na Kanuni ya Adhabu, ikiwemo kifungu chake cha 240 kinachomkinga daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Katiba mpya ilipozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, jibu lilibadilika, ingawa maneno ya Kanuni ya Adhabu hayakubadilishwa hata nukta. Mwaka huo huo Kenya iliridhia Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake barani Afrika, lakini ikaweka pingamizi dhidi ya kifungu chake kinachohusu utoaji mimba. Kwa hiyo anayeorodhesha nchi zilizoridhia itifaki bila kuandika pingamizi hizo, ataiweka Kenya mahali isipostahili.

Septemba 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kupunguza maradhi na vifo vinavyotokana na utoaji mimba usio salama. Haja yake ilikuwa dhahiri, kwani utafiti ulioihusisha wizara yenyewe ulikadiria kuwa mimba zipatazo 464,000 zilitolewa nchini mwaka huo, na karibu wanawake 120,000 wakatibiwa hospitalini kwa matatizo yaliyotokana na kutoa mimba. Hata hivyo, Desemba 2013 mwongozo huo uliondolewa kwa barua. Februari 2014 waraka mwingine ukawaonya wahudumu wa afya dhidi ya kuhudhuria mafunzo kuhusu huduma hiyo. Katiba haikuguswa. Bunge halikukaa. Sheria yenyewe ilibaki ilivyokuwa, lakini mhudumu wa afya hakuwa tena na karatasi ya kumwongoza.

Katika kipindi hicho, mwaka 2014, msichana wa umri wa miaka 14 alibakwa, akapata mimba, na ikatolewa kwa njia isiyo salama. Alihamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, figo zake zikaharibika, na akafariki mwaka 2018. Kesi iliyofunguliwa ikimhusu yeye na wanawake wengine iliamuliwa na Mahakama Kuu Juni 2019. Mahakama ilisema kuwa kuondolewa kwa mwongozo ule kulikuwa kinyume cha sheria, na kwamba aliyebakwa na kupata mimba anaweza kupata huduma hiyo endapo mtaalamu wa afya ataona kuwa maisha au afya yake, ya mwili au ya akili, imo hatarini. Mamake alifidiwa shilingi milioni 3.

Kabla ya hukumu hiyo, Sheria ya Afya ya 2017 ilikuwa imefafanua mtaalamu wa afya aliyehitimu ni nani, na ikawajumuisha wauguzi, wakunga na maafisa wa kliniki pamoja na madaktari. Halafu Machi 2022, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kesi ya msichana wa Kilifi na afisa wa kliniki waliokamatwa mwaka 2019, ikasema kuwa kuwakamata kiholela wagonjwa na wahudumu ni kinyume cha sheria. Uamuzi huo nao ulikatiwa rufaa.

Sasa tuhesabu. Katika miaka 12, swali moja limepitia katiba, mkataba, mwongozo, barua, waraka, sheria ya Bunge na hukumu mbili. Mtafiti anayeandika "Kenya: tangu 2010, inaruhusiwa kwa masharti" hajasema uongo, lakini amekifuta kipindi cha kati ya Desemba 2013 na Juni 2019, ambacho ndicho alichougulia na kufia msichana yule. Iwapo atapima vifo vya akina mama kabla na baada ya 2010 na kuona tofauti ndogo, huenda akahitimisha kwamba katiba haikufaa kitu. Kumbe sehemu kubwa ya kipindi alichokiita "baada" ilikuwa ya wahudumu waliotishwa na waraka.

Takwimu zisizo na tarehe za sheria

Mfano wa pili unahusu ukeketaji. Tafiti za Demografia na Afya za Kenya zilionyesha kuwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa walikuwa asilimia 38 mwaka 1998, 32 mwaka 2003, 27 mwaka 2008-09, 21 mwaka 2014 na 15 mwaka 2022. Sheria inayokataza ukeketaji kwa wanawake wa umri wowote ilianza kutumika Oktoba 2011. Ni rahisi kuiangalia namba ya 2008-09 na ile ya 2022, kisha kuipongeza sheria hiyo.

Pongezi hizo zinahitaji subira kwa sababu mbili. Kwanza, kiwango kilikuwa kikishuka kabla ya 2011, na Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa tayari imekataza ukeketaji wa wasichana wa chini ya miaka 18. Pili, mwanamke aliyekuwa na miaka 40 mwaka 2022 alizaliwa karibu 1982, na kama alikeketwa utotoni au alipobaleghe, hilo lilitokea kabla hata ya sheria ya kwanza. Sheria ya 2011 haingeweza kumfikia. Kwa hiyo mtafiti makini huyaacha makundi ya wakubwa na kuwaangalia wasichana waliokuwa na umri wa kukeketwa sheria ilipoanza kutumika. Utafiti wa 2014 ulionyesha tofauti hiyo ya vizazi: waliokeketwa walikuwa takriban asilimia 41 miongoni mwa wenye miaka 45 hadi 49, na asilimia 11 miongoni mwa wenye miaka 15 hadi 19.

Mfano wa tatu unahusu kujifungua. Tarehe 1 Juni 2013 serikali ilitangaza kuwa akina mama watajifungua bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Watoto waliozaliwa kwa usaidizi wa wahudumu wenye ujuzi walikuwa asilimia 44 katika utafiti wa 2008-09, na 62 katika ule wa 2014. Je, ongezeko hilo lilitokana na tangazo? Utafiti wa 2014 uliwauliza akina mama kuhusu watoto waliozaliwa katika miaka mitano iliyotangulia. Hivyo basi, wengi wa watoto hao walizaliwa kabla ya Juni 2013. Sera haiwezi kusifiwa kwa watoto waliozaliwa kabla yake. Kiwango kilifika asilimia 89 katika utafiti wa 2022, na hapo ndipo mjadala wa mchango wa sera hiyo, na wa mpango wa Linda Mama uliofuata, unapopata msingi wa haki.

Aidha, mfuatiliaji hulazimika kuandika matukio yanayogongana na sheria. Sheria ya Afya ilipotiwa saini Juni 2017, wauguzi wa hospitali za umma walikuwa wameanza mgomo uliodumu hadi Novemba, na mgomo wa madaktari wa siku 100 ulikuwa umekwisha Machi ya mwaka huo. Anayelinganisha idadi ya waliojifungulia hospitali za umma kabla na baada ya Juni 2017 bila kuitaja migomo, anaweza kuitwika sheria lawama ya wodi zilizokuwa hazina wauguzi.

Tarehe sahihi, kwa upande mwingine, huwezesha utafiti ambao vinginevyo usingewezekana. Wengi huichukua tarehe 24 Juni 2022, siku Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoitengua hukumu ya 1973 kuhusu utoaji mimba, kuwa mwanzo wa mabadiliko nchini humo. Lakini jimbo la Texas lilikuwa limeanza kutekeleza sheria yake tarehe 1 Septemba 2021, ikikataza utoaji mimba baada ya takriban wiki sita. Watafiti walioijua tarehe hiyo waliweza kuitazama Texas peke yake na kuilinganisha na majimbo mengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa vifo vya watoto wasiofikisha mwaka mmoja viliongezeka huko kwa takriban asilimia 13 kati ya 2021 na 2022, ilhali kwingineko nchini humo viliongezeka kwa chini ya asilimia 2.

Mipaka ya nchi na ya kaunti

Sheria huishia mpakani, lakini watu huvuka. Sheria ya Kenya ya 2011 humlinda mwanamke wa umri wowote dhidi ya ukeketaji. Nchini Tanzania, kosa hilo lililowekwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 humhusu msichana wa chini ya miaka 18. Jamii ya Wakuria inaishi pande zote mbili za mpaka, na msichana anaweza kupelekwa upande wa pili msimu unapofika. Ndiyo maana sheria ya Kenya ikafanya kuwa kosa kumvusha mtu mpaka kwa nia hiyo. Jedwali la mfuatiliaji likiweka alama ya "imekatazwa" kwa nchi zote mbili bila kuuliza swali la umri, litaificha tofauti ambayo wenyeji wa mpakani wanaifahamu vyema.

Tanzania inatupatia pia mfano wa uzito wa tamko. Juni 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kuwa msichana anayepata mimba hatarudi shuleni. Novemba 2021 serikali iliyomfuata ilitangaza kwamba wasichana hao wanaruhusiwa kurejea. Nchini Kenya sera ya kuwarejesha shuleni wasichana waliojifungua ilianza mwaka 1994. Anayechunguza uhusiano wa elimu na mimba za mapema katika nchi hizi mbili hawezi kutegemea sheria za Bunge pekee.

Hapa nchini, tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, huduma nyingi za afya zimekuwa chini ya serikali 47 za kaunti. Kakamega, kwa mfano, ilianzisha mpango wa kuwapa fedha akina mama maskini wanaohudhuria kliniki, mpango ambao wananchi waliuita Oparanya Care. Jambo la namna hiyo haliwezi kuonekana katika sheria za Nairobi. Ufuatiliaji unaoishia katika Bunge la Taifa utawapa akina mama wa Kakamega na wa Mandera sheria moja, ilhali hali zao zinatofautiana.

Nafasi ya mwanafunzi wa Kiswahili

Huenda msomaji akajiuliza mambo haya yanawahusu vipi wanachama wa chama cha Kiswahili. Jibu limo katika hatua ya pili na ya nne tulizozitaja. Kutunga swali lisilo na utata na kuamua neno la sheria lina maana gani ni kazi ya semantiki kabla ya kuwa kazi ya takwimu.

Tuchukue msamiati wenyewe. Kutoa mimba, kuavya mimba na kuharibika kwa mimba ni semi tatu zinazokaribiana, lakini ya tatu hutokea bila mtu kukusudia. Dodoso linalomuuliza mama kama mimba yake "iliharibika" linaweza kupokea majibu ya waliopoteza mimba pamoja na ya waliochagua neno la heshima kusitiri jambo walilolifanya. Hali kadhalika, anayesema tohara ya wanawake na anayesema ukeketaji hawazungumzi kutoka upande mmoja. Neno la kwanza linakifananisha kitendo na tohara ya wavulana inayoheshimiwa, la pili linakilaani. Inafaa kukumbuka pia kwamba sheria ya 2011 ilifanya kuwa kosa kutumia lugha ya kudhalilisha dhidi ya mwanamke asiyekeketwa. Askari anayepeleka kesi ya aina hiyo mahakamani atahitaji mtu wa kueleza neno lililotamkwa sokoni lina uzito gani.

Isitoshe, sheria za eneo letu zinaingia katika Kiswahili. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria yake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mfuatiliaji wa kimataifa anayetegemea Kiingereza peke yake ataanza kukosa maandishi asilia, na atahitaji wasomaji wa Kiswahili waliofunzwa kuyasoma bila kuongeza wala kupunguza. Hapa Kenya, Katiba ilitafsiriwa kwa Kiswahili, lakini sheria za Bunge huandikwa kwa Kiingereza. Muuguzi huifafanua sheria kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama kando ya kitanda, kwa maneno anayoyabuni mwenyewe. Hakuna anayeyarekodi maneno hayo, na pengine humo ndimo sheria inamobadilika zaidi.

Mipaka ya taaluma yenyewe

Haitakuwa haki kuusifu ufuatiliaji bila kutaja usichoweza. Kwanza, hueleza sheria ilivyoandikwa, hauelezi ilivyotekelezwa. Katika kaunti moja huenda askari akamkamata mtu, na katika kaunti jirani akamwacha, kwa maneno yale yale ya sheria. Ili kulijua hilo, mtafiti hulazimika kwenda vituo vya polisi, mahakamani na hospitalini. Pili, mfuatiliaji si mtetezi wala mpinzani. Suala la mimba linagusa dini, mila na dhamiri, na wasomaji wa makala haya wenyewe hawatakuwa na msimamo mmoja kulihusu. Jedwali lililoandikwa kwa uaminifu linapaswa kukubaliwa na pande zote mbili kuwa ndivyo sheria ilivyosema siku fulani, hata wakiendelea kubishana kuhusu ilivyostahili kusema. Anayeingiza matamanio yake ndani ya jedwali huwanyima wote wawili ushahidi.

Hitimisho

Tumeeleza kuwa ufuatiliaji wa sheria huyageuza maandishi ya kisheria kuwa data zenye tarehe, mahali na maneno yanayoweza kuhakikiwa. Tumeona pia kwamba bila kazi hiyo, mtafiti wa afya ya umma anaweza kuisifu sheria kwa mambo yaliyotokea kabla yake, au kuilaumu kwa mgomo, au kukifuta kipindi kizima ambamo waraka mmoja uliwanyamazisha wahudumu. Makosa haya hayaishii katika majarida. Bajeti, mafunzo ya wauguzi na miswada ya mabunge hujengwa juu ya matokeo ya tafiti hizo.

Inapendekezwa basi kwamba idara za Kiswahili na vitivo vya sheria na vya afya katika vyuo vyetu vishirikiane kuandaa orodha ya istilahi za sheria za afya ya uzazi, na kuwahusisha wanafunzi katika usomaji wa sheria za kaunti zetu 47. Mwanafunzi mmoja na kaunti moja ni mwanzo mzuri. Aanze kwa kuuliza maswali matatu: sheria hii inasema nini hasa, ilianza kusema hivyo lini, na mama anayehusika aliambiwa nini kwa lugha anayoielewa.